Behewa la Daraja la Tatu

Lugha yetu ya Kirundi ina neno igariyamoshi, na hata asiye msomi akilisikia atatambua kwamba ni mgeni aliyetujia kutoka Kiswahili, akavishwa kiambishi chetu na kupewa uraia. Kila mtoto wa hapa Gasenyi analijua. Lakini kitu chenyewe hakijapata kukanyaga ardhi ya Burundi. Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji nao, kwa mkataba waliotiliana na Waingereza mwaka 1921, wakapata maeneo yao ya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kikwazo. Shehena ilikuja kwa behewa mpaka Kigoma, ikahamishiwa melini, ikaingia Bujumbura kwa njia ya ziwa. Reli iliishia ng'ambo ya maji. Sisi tulipata neno tu.

Mwaka 2025, ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati ulipozinduliwa, neno hilo lilirudi midomoni mwa watu. Mwanangu, ambaye yumo darasa la tatu, alirejea nyumbani na maswali ambayo redio haikuyajibu. Hakujali mwendo wala gharama. Alitaka kujua kama ndani mna choo, kama watu huketi wakitazamana au wakipeana visogo, na kama dirisha hufunguka. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni ya makaratasi, lakini cheti nilichonacho ni cha ualimu, na chuoni tulisisitiziwa kwamba mtoto asiyeweza kuonyeshwa kitu ashikishwe mfano wake. Mfano huo niliupata sokoni.

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto mwezi Januari 2013, biashara nyingi zilitawanyika kwenye masoko mengine, na mojawapo ni lile liitwalo kwa Siyoni. Pale, katikati ya pasi, saa za ukutani na viatu visivyo na wenzao, muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika Ulaya alikuwa na katoni. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya reli iliyonyooka na behewa moja la abiria, refu la sentimita 24, la rangi ya kijani, limelala ubavu kama samaki aliyesahauliwa. Tumboni lilikuwa na chapa ya Jouef. Hicho kilikuwa kiwanda cha mji wa Champagnole huko Ufaransa, na jina lake leo limo mikononi mwa kampuni ya Hornby ya Uingereza. Kichwa cha kulivuta hakikuwamo. Jozi moja ya magurudumu haikuwapo, ndoano ya upande mmoja ilivunjika, na paa lilikuwa na ufa. Muuzaji alianza na faranga 25,000, akidai kwamba ni kitu cha Wazungu. Nilimhesabia kasoro moja moja, kwa sauti ya upole, hata tukakubaliana 15,000.

Mke wangu alilitazama, akaniuliza kama najua bei ya sukari. Najua. Tukawekeana sharti kwamba jumla ya matumizi, pamoja na bei ya kununulia, isizidi faranga 60,000, na kwamba meza ya kulia isigeuzwe karakana. Sharti la kwanza nimelitimiza.

Kabla sijaeleza kazi yenyewe, yafaa msomaji ajue kipimo. Behewa la aina hii limefupishwa mara 87, yaani mtu mwenye kimo cha mita moja na sentimita 70 anakuwa na kimo kisichofika milimita 20. Upana wa njia yake, kutoka reli hadi reli, ni milimita 16 na nusu. Ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli mpya ambazo Tanzania inajenga na ambazo zimekusudiwa kufika kwetu. Reli ya zamani ya Kigoma ina upana wa mita moja kamili, ambao kwa kipimo hiki ungekuwa milimita 11 na nusu. Tofauti hiyo niliijua tangu mwanzo, na nikaamua kutoigusa. Kubadilisha upana kungetaka reli nyingine na vigari vingine vya chini, navyo hapa mjini havipatikani. Mwanangu, baada ya kupima kwa rula yake ya shule, alisema kwamba basi behewa letu lina mwili wa zamani na miguu ya kesho. Sikumsahihisha.

Hapa Gasenyi nina jirani, askari mstaafu, ambaye katika utumishi wake alipata kwenda Somalia na kikosi chetu. Alikuja jioni moja kuazima pampu ya baiskeli, akaniona na bisibisi mkononi. Alitaka kwanza kitambaa cheupe. Akakitandaza, akaniagiza niweke kila kipande kwa mpangilio wa kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, ili wakati wa kurudisha nitembee kutoka kulia kwenda kushoto bila kufikiri. Wasomaji wenye sare wataujua utaratibu huo. Wamefundishwa kwa silaha, tena wengine gizani. Paa lilitoka kwanza, kisha vioo vilivyoungana kama ukanda mmoja, kisha vyumba vya ndani, kisha kipande cha chuma cha uzito, na mwisho vigari viwili vya chini vibebavyo magurudumu. Vipande 17 kwa jumla. Afande alivihesabu mara mbili, akaondoka na pampu.

Kusafisha ni kazi rahisi ambayo watu wengi huiharibu kwa haraka. Mwili wa behewa hili ni plastiki ngumu ile ile itumikayo kutengenezea vifuniko vya kaseti. Plastiki hiyo haistahimili petroli, wala tina, wala kiondoa rangi ya kucha. Ukiipaka inayeyuka na kuwa na mikunjo kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki laini wa zamani, basi. Maji yasiwe ya moto, kwa kuwa kuta nyembamba hupinda na hazirudi. Baada ya kuosha, vipande vikauke kivulini usiku kucha. Ufa wa paa niliuziba kwa ndani kwa ukanda wa plastiki na gundi ya plastiki. Ile gundi ya haraka inayouzwa katika vichupa vidogo ni nzuri kwa mambo mengi, lakini isikaribie kioo: mvuke wake huacha ukungu mweupe ambao hautoki.

Magurudumu ndiyo yaliyonipeleka Buyenzi. Asiyeijua Buyenzi nitamwambia kwamba ni mtaa wa Waswahili wa mji huu, wenye misikiti yake, chai yake ya tangawizi, na mafundi ambao wanaweza kufufua kila kitu isipokuwa maiti. Magurudumu ya awali yalikuwa ya plastiki. Plastiki huokota uchafu na kuupaka kwenye reli, na tena haipitishi umeme, ambao mimi niliuhitaji kwa ajili ya taa. Fundi mmoja mwenye mashine ya kukerezea alinisikiliza, akaligeuza gurudumu dogo kiganjani, akacheka. Alikuwa amezoea vipuri vya mashine za kusaga. Lakini alipoanza hakucheka tena. Alikereza jozi nne kwa shaba nyeupe iliyotoka katika bomba kuukuu la maji, kila gurudumu likiwa na ukingo wa kulizuia lisitoke njiani, na ncha za ekseli akazichonga kali kama sindano ili zizunguke kwa wepesi ndani ya vishimo vyake.

Jambo moja halikuwa wazi kwake, nikalichora kwenye mfuko wa saruji. Reli mbili za mfano huu zina kazi mbili: zinabeba behewa, na pia kila moja ni waya wa umeme, mmoja wa chanya na mwingine wa hasi. Ikiwa magurudumu mawili ya ekseli moja yote ni ya chuma na yameungana kwa chuma, umeme utavuka kutoka reli moja hadi nyingine, na betri itakufa papo hapo. Lazima gurudumu la upande mmoja litengwe. Fundi alitia kimkono chembamba cha plastiki, alichokikata kutoka mrija wa kalamu ya wino, baina ya ekseli na gurudumu. Umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili tuliuweka milimita 14 na nusu. Akataka faranga 20,000, nami nikalipa bila kubishana, maana alikuwa amefanya kazi ya mchana mzima, na kusema kweli niliona aibu kumpunguzia mtu aliyetumia kalamu yake mwenyewe. Kwa kulainisha ncha, usitie mafuta. Saga ncha ya kalamu ya risasi, chukua ule unga mweusi kwa kijiti, utie ndani ya kishimo. Hauvuti vumbi wala hauli plastiki.

Behewa likasimama juu ya miguu yake, nikaliweka mezani. Mama yangu, ambaye anaishi nasi, alilipita kwa siku tatu bila kulitazama. Siku ya nne alisimama, akaliinua kwa vidole viwili, akachungulia ndani.

"Hili si treni," akasema. "Watu wake wanapumuaje?"

Hapo sina budi kueleza. Mama alivuka mpaka akiwa msichana wa miaka kumi katika mwaka ule wa majonzi, 1972, pamoja na wazazi wake, na akakulia katika makazi ya Katumba, upande wa Mpanda. Serikali ya Tanzania iliwapa watu wetu ardhi katika makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, nao wakaifyeka misitu na kulima hata wakawa wanauza chakula. Katumba ilikuwa na bahati yake: reli ya Mpanda ilipita hapo. Tawi hilo, ambalo hutoka Kaliua katika reli ya kati, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Nilizaliwa Katumba na nikajifunza kuhesabu kwa kuhesabu mabehewa. Ilipofika wakati wa kuchagua, watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo walibaki na kupewa uraia wa Tanzania, na wengine wapatao 50,000 wakarudi. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwasafirisha wengi wao kwa treni maalumu kutoka Katumba hadi Kigoma, kisha kwa magari hadi Burundi. Sisi tulikuwamo. Nilikuwa na umri wa miaka 17, na hiyo ndiyo safari yangu ya treni hadi leo.

Kwa miaka yote hiyo mama hakuwahi kuisimulia. Ukimwuliza kuhusu Katumba atakueleza mihogo, tumbaku, nyuki, na bei za mwaka fulani. Atakapofika siku ya kuondoka atakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Nilidhani ni tabia ya wazee. Sasa alikuwa amelishika behewa la Kifaransa na kulilaumu kwa kukosa hewa, na ndipo nilipoona kwamba mfano wenyewe ulikuwa wa nchi nyingine kabisa. Ulikuwa na vyumba vidogo vyenye milango, na ukumbi mwembamba ubavuni, kama vile treni za Ulaya ya baridi ambako watu hujifungia. Vioo vyake havikuwa na hata alama ya kufunguka. Behewa letu la daraja la tatu lilikuwa ukumbi mmoja, mabenchi yakitazamana huku na huku, na madirisha ambayo kila kituo yalijaa mikono: mikono ya kushusha sarafu na mikono ya kupandisha ndizi, mahindi ya kuchemsha na kuku mzima aliye hai.

Kwa hiyo kazi ilibadilika. Nilikuwa nimekusudia kulirudisha behewa kama lilivyotoka kiwandani, na kwa mkusanyaji wa vitu vya kale wa Ulaya hilo ndilo lingekuwa jambo la adabu. Lakini mkusanyaji huyo hayupo Gasenyi. Nilivitoa vyumba vyote kwa msumeno mwembamba wa chuma. Ukanda wa vioo niliukata dirisha kwa dirisha, na kila kioo nikakipandisha nusu, ili chini pabaki wazi. Mabenchi tuliyatengeneza kwa vijiti vya aiskrimu, kimo cha milimita tano, mgongo wa milimita tano nyingine, tukayapiga msasa hadi yakang'aa kama yaliyokaliwa na watu miaka 30. Mwanangu alikata, mimi niligundisha, mama akawa mkaguzi. Alikuwa mkaguzi mkali. Benchi la kwanza alilikataa kwa kuwa lilikuwa na nafasi ya watu wawili. "Tulikaa watatu," alisema, "na mtoto juu ya goti, na chini mna furushi."

Uzito pia ulihitaji kufikiriwa upya, kwani pamoja na vyumba niliondoa kile kipande cha chuma kilichokuwa kimeshika kutu. Behewa jepesi huruka njiani na taa yake hupepesa. Chama cha Wamarekani wapendao reli za mfano kina kanuni nzuri kwa kipimo hiki, ambayo nikiigeuza kwa vipimo vyetu inakuwa hivi: anza na gramu 28, kisha ongeza gramu 14 kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu. Kwa behewa langu inakuja gramu 160 na kidogo. Kwenye mizani ya duka la jirani lilikuwa na gramu 90, basi nilitafuta gramu 70 za ziada. Watu watakushauri utumie risasi za nyavu za wavuvi, zinazopatikana kwa urahisi kando ya ziwa. Usizitumie, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani pana watoto. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, nayo hutoka kwenye vidole ikaingia kinywani. Mimi nilinunua washa za chuma za baiskeli, nikazipanga chini ya mabenchi, katikati na juu ya vigari, zikawa ndiyo mafurushi ambayo mama aliyataka.

Ilipofika zamu ya kuwapanga abiria, waliofinyangwa kwa udongo na mwanangu, kukatokea ubishi. Nilimweka mama dirishani, na mimi kando yake, sote tukielekea mbele. Nilikumbuka vizuri: nilikuwa nimetoa kichwa nje, nikaona njia ikija, na kwa mbali miti ikifunguka. Mama aliuchukua udongo wake akauhamishia benchi la mkabala, mgongo ukielekea kichwa cha treni.

"Wewe ulitazama mbele," alisema. "Mimi niliketi huku."

Nikamwuliza kwa nini, maana nafasi zilikuwapo, na kusafiri kinyumenyume humtia kichefuchefu hata leo ndani ya basi. Hakujibu mara moja. Alimwomba mjukuu wake amletee maji. Kisha akasema kwamba jirani yetu wa Katumba, ambaye yeye na watu wake walichagua kubaki, alikuwa amemwahidi kwamba ataendelea kupalilia kaburi la baba. Baba alifariki mwaka 2003, akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na mwembe. Jirani alimwambia mama kwamba hatapenda kuja kituoni, kwa sababu kituoni patakuwa na kilio, bali atasimama kando ya reli, mahali ambapo shamba lake linaishia, na jembe mkononi, ili mama amwone na aamini. Treni ilipopita mahali pale alikuwa amesimama. Aliinua jembe juu, akaliweka hivyo hivyo, mpaka njia ilipopinda. Mama aliketi upande ule ili amwone kwa muda mrefu zaidi.

Mimi nilikuwa mkabala naye, magoti yetu yakigusana, kichwa changu kikiwa nje ya dirisha, na sikuona lolote.

"Alipalilia?" aliuliza mwanangu.

"Alipalilia, mjukuu wangu. Kila masika alinitumia salamu kwa watu wa Kigoma. Miaka tisa. Kisha naye akafa, sasa anapalilia mwanawe."

Niliifahamu familia ile tangu utotoni. Nilisoma na huyo mwana dawati moja. Sikujua kwamba baina ya nyumba zetu mbili kulikuwa na neno la namna hiyo, wala kwamba salamu za kila mwaka, ambazo mimi mwenyewe nilizipokea simuni mara kadhaa na kumfikishia mama kwamba "wa Katumba wanasema kazi imefanyika," zilikuwa na maana hiyo. Udongo wa mama ulibaki pale alipouweka. Wangu niliutoboa dirisha, kichwa nje.

Taa nitaieleza kwa ufupi, ingawa vijana wa redio na simu wataona ni jambo la kuchezea. Mwishoni mwa reli tumeunga betri moja ya volti tisa, kwa maana umeme wa ukutani si wa kutegemea, na tena sitaki mtoto aunganishe reli na ukuta. Nyuzi nyembamba za shaba hugusa migongo ya magurudumu na kupandisha umeme hadi kwenye daraja la dayodi nne, ambazo kazi yake ni kuhakikisha kwamba hata behewa likigeuzwa kichwa chini ya mkia, taa haitakataa. Kisha kizuizi cha omu 1,000, kisha kikapasita kidogo cha kuhifadhi umeme ili taa isipepese gurudumu likikutana na vumbi, na mwisho taa yenyewe, ile ndogo ya kisasa. Vyote vilitoka kwenye redio mbovu na chaja iliyokufa. Kuna watu hutumia betri bapa kama kifungo, wakaificha ndani ya behewa. Nyumba yenye mtoto mdogo isiwe na betri hiyo mahali inapofikiwa. Ikimezwa huunguza koo kwa saa chache, na ni hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi.

Taa iliwaka nyeupe pe. Mama alitikisa kichwa. Usiku ule, alisema, kati ya Kaliua na Uvinza, ndani ya behewa mlikuwa na mwanga wa manjano, kama wa kibatari, na watu wote walionekana wagonjwa. Tukajaribu rangi, tukajaribu karatasi ya mafuta. Kilichofaa ni kipande cha karatasi angavu ya peremende, ya rangi ya chungwa, kilichofungwa mara mbili. Safari hii hakutikisa kichwa. Alikaa akilitazama mpaka mke wangu akatukumbusha sharti la pili, lile la meza.

Rangi ya nje ndiyo iliyobaki na ubishi. Mimi nakumbuka wekundu wa matofali chini na rangi ya maziwa juu. Mama anashikilia kwamba lilikuwa rangi ya vumbi, na kwamba aliyeliona bila vumbi hakulipanda. Nimepaka ya kwangu, rangi ya maji, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikauka siku nzima. Kisha mama akasaga udongo mwekundu wa kilimani, akaupuliza juu ya rangi kabla tabaka la mwisho halijakauka. Limependeza kuliko nilivyotarajia.

Vipande vinne vya reli vimepigiliwa juu ya ubao, na mwanangu ameandika vituo kwa kalamu nyekundu: Katumba, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Ubao umekwisha hapo. Lakini kwa kuwa reli mpya itatokea Uvinza, ameongeza kipande cha katoni ubavuni mwa Uvinza na kukiandika Musongati, bila reli, na amenitaka nitafute vipande vingine sokoni. Mama aliuliza kutoka Uvinza kwenda Kaliua ni mwendo gani, na kama tiketi za siku hizo zitauzwa za kwenda na kurudi. Nilimjibu kwamba kwanza reli ijengwe. Akasema anajua, alikuwa anauliza tu.

Nilirudi kwa Siyoni juma lililopita. Reli sikuzipata. Nimeagizwa nitafute pia behewa la mizigo, la mbao au la plastiki, lolote, ilimradi mlango wake uwe wa kusukuma, kwa kuwa mlango wa nyumba yetu ya Katumba na mabati 18 tulisafiri navyo, na mama anasema havikuwa ndani pamoja nasi. Vilikuwa nyuma, behewa la tatu kutoka mwisho.